Maswali ya Mama Ngonyani juu ya Ufalme

Ninyi mnaokuja kwangu Majengo na baiskeli zenu, mkaziegemeza ukutani na kuniamkia shikamoo kabla ya kushusha pumzi, kwa kawaida mnaniuliza ya kitabuni. Utatu ni nini. Neema ni nini. Lakini juzi mmoja wenu, yule mrefu anayefundisha Mshangano, aliniuliza jambo jingine: katika miaka yangu yote ya ukalimani na ukatekista, ni neno gani lilinitesa zaidi? Nilimjibu palepale. Ni ufalme. Ufalme wa Mungu. Akacheka, akidhani namtania, maana kwake hilo ni neno jepesi la kwenye sala, analisema kila asubuhi huku anafunga vifungo vya shati. Basi kaeni, niwaeleze.

Mimi ni Myao wa Nalasi. Ujana wangu niliuanza kwenye misafara. Kiswahili nilijifunza njiani na Kingoni nilijifunza huku Songea, kwa kununua chakula na kugombana bei. Jina langu lilikuwa Yusufu. Padri aliponibatiza alibadili herufi mbili tu nikawa Yosefu, akasema sasa nimezaliwa upya. Habari zilipomfikia mama yangu kule nyumbani, alisema herufi mbili si kitu, bora akiniita niitike.

Misheni ilinichukua kwa sababu ya mdomo wangu. Padri alijua Kijerumani chake na Kiswahili cha kuokoteza, na watu aliotaka kusema nao walijua Kingoni. Mimi nikawa katikati. Mzee Filipo, mkalimani aliyenitangulia, alinifundisha kuketi nyuma ya padri kidogo, ili watu wamtazame yeye wakati wanasikia sauti yangu. Hilo ni fundisho zuri, nanyi mlishike. Fundisho lake la pili lilikuwa baya. Alisema, padri akijibu "sijui", wewe tafsiri jambo lolote la maana, maana mtu mkubwa hasemi hajui. Kwa njia hiyo Mzee Filipo alikuwa amewafundisha watu wa hapa mambo mengi ambayo hayamo katika dini yoyote.

Safari yangu ya kwanza na Padri ilikuwa Mshangano. Wakati huo hapakuwa na nyumba hizi mnazoziona, palikuwa na mashamba ya ulezi na vibanda vimetawanyika. Watu walikusanyika vizuri, wengi kuliko tulivyotarajia. Padri akasimama akatangaza kwa furaha kwamba ufalme wa Mungu umekaribia. Mimi nikatafuta neno la Kingoni. Mfalme wao walimwita nkosi, basi nikasema kwa sauti: nkosi wa Mungu yuko karibu, anakuja na utawala wake.

Mkutano ukavunjika. Hawakutukimbia sisi. Walikimbilia nyumbani kuficha kuku. Wanawake walibeba vibuyu vya nafaka kuingia porini, na kijana mmoja alipita mbele yetu akivuta mbuzi asiyetaka kwenda. Padri aliniuliza, "Umewaambia nini?" Nikamwambia, "Ulichosema, Baba." Na kwa kweli ndicho alichosema. Lakini watu wale walijua nini maana ya mfalme kukaribia: watu wake hutangulia, na wanaotangulia hula.

Alibaki mtu mmoja, mama mmoja mjane aliyekuwa na mguu mbovu. Hakuwa na haraka ya kukimbia, wala sidhani kama angekimbia hata kwa miguu mizima. Huyo ndiye Mama Ngonyani. Alikuwa mpika pombe mashuhuri wa pale, na mwanawe, Mapunda, alikuwa nduna, yaani mkuu wa wapiganaji wa upande ule. Alitutazama kama mtu anayetazama bidhaa mpya sokoni, kisha akauliza, "Huyo mfalme wenu anachukua nini?"

Nikatafsiri. Padri hakuelewa.

"Kila mfalme anachukua," akasema. "Nkosi wetu anachukua vijana kwa vita na nafaka kwa karamu. Mdachi wa boma anachukua kodi ya kibanda. Wenu anachukua nini?"

Padri alifikiri, akasema, "Anataka moyo."

Mama Ngonyani akapiga kofi. "Basi huyo ndiye ghali kuliko wote," akasema. "Kuku nikimficha haonekani. Moyo nitauficha wapi?"

Padri alicheka mpaka kofia ikaanguka. Njia nzima ya kurudi hakuacha kulisema swali lile. Kuanzia siku hiyo tulipita kwake kila tulipoenda Mshangano, na mimi nikajifunza kazi yangu barazani kwake kuliko mahali pengine popote. Nilijifunza kuonja neno kabla ya kulihubiri. Unampa mtu asiyelijua, unamwacha alale nalo, kesho unamwambia akurudishie kwa maneno yake. Kitakachorudi ndicho ulichofundisha, hata kama wewe ulikusudia kingine.

Chukueni mfano ule wa mbegu ndogo kuliko zote inayokuwa mti wa ndege. Haradali hapa hakuna aliyeijua. Mimi nikatia ulezi, nikijiona mjanja. Kesho yake Mama Ngonyani akanirudishia hivi: "Ufalme wa Mungu ni shamba, unavunwa, unapikwa, unaliwa, mwaka unaofuata unalima tena." Nikamweleza kwamba ndege hukaa matawini. Akanicheka, akaniuliza ni ulezi gani huo. Kisha akaokota tini la mkuyu lililodondoka, akalipasua kwa kidole, akanionyesha vile vichembe ndani ambavyo ukipumua vinapotea. Akaniuliza, "Huu mkuyu ulianza hapa, sivyo?" Tangu hapo sikutia ulezi tena.

Na ule wa mwanamke aliyeficha chachu ndani ya unga, huo hakutaka hata nimalizie. Chachu aliijua. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kibanda chake cha pombe, akaweka sikio langu kwenye mtungi. Ndani mlikuwa na sauti, kama watu wengi wanaonong'ona mbali. "Nimetia kimea kidogo tu," akasema, "na sasa siwezi kukitoa. Hata nikijuta siwezi. Ndivyo mnavyosema?" Nilimpelekea Padri swali hilo. Padri, ambaye Jumapili iliyopita alikuwa ameikemea pombe madhabahuni, alisema ndivyo hasa, ila nisilitangaze kanisani.

Lakini kuna swali moja la Mama Ngonyani ambalo halikupata jibu. "Ufalme huo uko wapi?" Siku moja Padri alijibu uko mbinguni. Siku nyingine akasema umo kati yetu. Siku ya tatu akasema unakuja. Mama Ngonyani akahesabu kwa vidole vyake, akaniambia, "Mwulize, ni falme tatu au ni mmoja unaotembea?" Nikakumbuka mjomba wangu wa Nalasi, mtu wa swala tano. Nilipomtembelea baada ya kubatizwa alinikalisha akasema, "Mulki wote ni wa Mwenyezi Mungu tangu azali. Ninyi mnaomba ufalme upi ufike, kama haujaondoka?" Watu wawili wasiojuana, mmoja Mngoni na mmoja Myao, walikuwa wamegonga mlango uleule. Padri aliposikia maswali yote mawili alisema, "Sijui namna ya kulisema vizuri." Nami nikatafsiri: anasema hajui. Mama Ngonyani akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema sasa anaweza kuanza kumwamini.

Kisha yakaja maji.

Mmesikia habari hizo kwa babu zenu, kwa hiyo sitazirefusha. Ilitoka dawa upande wa mashariki, maji ya kunywa na kunyunyiziwa, na neno likasemwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Nkosi alikunywa, manduna wakanywa, Mapunda akanywa. Mama Ngonyani aliniita akaniambia, "Wale nao wanahubiri ufalme. Wanasema wageni wataondoka, kodi itakwisha, na wafu wetu watasimama nasi. Wa kwao ninauelewa kuliko wa kwenu." Nikamwuliza kama atakunywa. Akasema bado anauliza maswali.

Misheni ilipochomwa, Padri na wenzake walikuwa wamekwisha kukimbilia upande wa Ziwa Nyasa. Mimi nilikuwa Mshangano, naumwa homa, sijui lolote mpaka nilipoona moshi. Wapiganaji walikuwa wanawatafuta watu wa misheni, na mkalimani aliyeketi nyuma ya mzungu alijulikana na kila mtu. Mama Ngonyani alinisukuma ndani ya kibanda chake cha pombe, akanilaza nyuma ya mitungi mikubwa, akanifunika kwa majani ya mgomba. Yeye akakaa mlangoni na fimbo yake.

Walifika mchana jua likiwa kali. Nilisikia sauti ya Mapunda mwenyewe. "Mama, toka mlangoni. Wameniambia yule Myao ameonekana huku."

"Humu hamna ila pombe, na inachacha," akasema. "Mwanamume akiingia itaharibika. Unataka watu wako wanywe nini?"

"Mama."

"Nimekuzaa mimi. Pita, basi, kwa kunikanyaga."

Hakupita. Nilisikia nyayo zao zikienda, na mimi jasho la homa na jasho la woga yalikuwa kitu kimoja. Baadaye nilimwuliza kwa nini amefanya vile, ilhali mwanawe angeweza kumchukulia kuwa msaliti. Alikuwa anakoroga mtungi, hakunitazama. "Ukifa, nani ataniulizia?" akasema. "Nina maswali bado." Alinilisha uji wa ulezi aliokuwa ameutunza kwa mbegu, mpaka nikapata nguvu ya kutembea kwenda ziwani.

Vita mnajua jinsi vilivyokwisha. Risasi zilibaki risasi. Askari wa boma walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaingia kila nyumba, ya waliopigana na ya wasiopigana. Tuliporudi na Padri tulikuta nchi nyeupe kwa majivu. Nkosi na manduna wengi walikuwa kifungoni Songea, na hukumu yao ilikuwa kamba. Padri akaomba ruhusa ya kuwaona. Akapewa. Mimi nikaenda naye, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima, maana yangu iliungua na misheni.

Luteni wa zamu alikuwa kijana mwenye uso wa kuchoka. Tulipofika mlangoni alinyoosha mkono akasema maneno kwa Kijerumani, na Padri akamjibu, na sauti zikapanda. Nilisikia neno moja nililolijua likirudiwa, neno lao la ufalme. Baadaye Padri alinieleza. Luteni alisema tufundishe lolote tunalotaka, toba, ubatizo, mbingu, lakini neno ufalme lisitajwe mle ndani, kwa kuwa watu hawa wamesikia habari za falme vya kutosha na ndizo zilizowafikisha pale. Padri alimwambia, "Basi lifute kwanza katika sala yako mwenyewe, Jumapili, kwa lugha yako. Ukiweza, nami nitalifuta hapa." Luteni akasogea kando. Lakini aliweka askari mmoja ajuaye Kingoni asikilize.

Mle ndani walikuwa wengi, wamefungwa minyororo shingoni. Kuna waliotugeuzia mgongo. Kuna waliosogea. Mapunda alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, macho yake yaleyale ya mama yake, macho ya kuuliza bei. Padri akaanza kufundisha kwa sauti ya chini, nami namfuata. Alipofika kwenye ufalme, Mapunda akamkatiza.

"Bwana wa boma anayetunyonga, naye ni wa ufalme huo?"

Nilitafsiri vilevile, bila kulainisha, huku askari yule ananitazama. Padri akasema, "Ameitwa kama ulivyoitwa wewe. Akitubu, ataingia."

"Kule, nani atabeba mzigo wa nani?"

"Hakuna atakayembebesha mwenzake."

Mapunda akaguna. "Na mfalme mwenyewe, alikufa vipi? Maana wafalme wote hufa."

Padri akamwambia. Kwamba serikali ya wageni ilikuwa imetawala nchi yake, na serikali hiyo ndiyo iliyomtundika, mchana, mbele ya watu, kati ya wahalifu wawili, na juu ya kichwa chake wakaandika kwa dhihaka kwamba huyu ni mfalme.

Mapunda alijiinua. Mnyororo ukamvuta mwenzake naye akainuka. "Alinyongwa? Na boma?"

"Na boma la siku zile."

"Mlipokuja Mshangano mlituambia habari za mbegu."

"Hili pia tulilisema," Padri akajibu.

"Basi mlilisema kwa sauti ndogo." Akatazama chini. "Na wapiganaji wake?"

"Walikimbia."

Hapo Mapunda alicheka, na wenzake wawili watatu wakacheka naye, kicheko kikavu. "Wangu pia," akasema. Kisha akauliza, "Aliwalaani waliomtundika?"

"Aliwaombea wasamehewe."

Nje kulikuwa na sauti ya shoka, seremala anachonga. Kila mmoja mle ndani alijua anachonga nini.

"Hilo mimi siliwezi," Mapunda akasema. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifanyia katika kazi yangu. Alimwacha Padri akanigeukia mimi. "Wewe Myao. Usitafsiri. Huyu analipwa na dini yake aseme. Wewe, kwa macho yako, umewahi kuuona huo ufalme?"

Vijana wangu, miaka yote ile mimi nilikuwa mdomo wa mtu mwingine. Maneno yangu mwenyewe sikujua hata yako wapi. Na jibu nililokuwa nalo lilikuwa la hatari, kwa sababu lilimhusu mama yake, na sikujua atalipokea vipi mtu aliyenisaka ili aniue. Nikasema hata hivyo.

"Nimeuona mara moja. Niliuona nyumbani kwa mama yako, nyuma ya mitungi ya pombe. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na wapiganaji wako, na yeye ameketi, akakwambia upite kwa kumkanyaga. Mimi nilikuwa ndani. Mimi ni mtu wa adui, si ndugu yake, si wa kabila lake. Alinilisha mbegu ya shamba lake. Kama ufalme wa Mungu si ule, basi mimi sijui Padri anazungumza nini."

Nikaona uso wake unabadilika, nikafikiri sasa ananitemea mate. Badala yake alianza kutikisika mabega, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipoona yote mawili.

"Nilijua," akasema. "Mtungi wa pombe haukohoi."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilisikia kikohozi. Nikamtazama mama, naye akanitazama. Nikawaambia wenzangu twendeni." Akajifuta uso kwa bega, maana mikono ilikuwa imefungwa. "Sikujua kwa nini nimefanya vile. Niliona aibu, nduna mzima. Sasa unaniambia hapo mlangoni palikuwa pa ufalme?"

Padri alikuwa ananivuta kanzu, anauliza kumesemwa nini. Nikamweleza yote. Alipiga magoti pale chini penye uchafu, mbele ya Mapunda, akamwambia kupitia kwangu, "Ulikuwa karibu nao kuliko mimi niliyekuwa nimekimbilia ziwani."

Mapunda aliomba maji ya ubatizo. Kabla hayajamwagwa alisema tena, waziwazi, kwamba kusamehe boma bado hajaweza, na kama hilo linamzuia basi Padri aache. Padri akamwambia ataingia akiwa bado anaomba kuweza, kama wengine wote wanavyoingia. Akabatizwa. Walimnyonga pamoja na wenzake, na sitawasimulia hayo. Nilikuwepo na yananitosha mimi.

Ilibaki kwenda Mshangano. Tulimkuta Mama Ngonyani ameketi mbele ya kibanda kisicho na mtungi hata mmoja unaochacha, kwa kuwa ulezi wa kupikia pombe haukuwepo katika nchi nzima. Alikuwa mifupa na macho. Habari za kifo zilikuwa zimemfikia. Nilipiga magoti nikamwambia, "Pole, mama," nikamsimulia neno kwa neno aliyosema mwanawe, kicheko na kikohozi na maji. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Aliposikia kwamba Mapunda alijua kuwa nimo ndani, alifumba macho.

Padri akamwambia, "Mama, uliza lolote." Nadhani alitarajia amwulize mwanawe yuko wapi sasa, na alikuwa ametayarisha jibu.

Mama Ngonyani alishika fimbo yake, akatazama upande wa boma. "Mmekwenda kumfundisha mwanangu, na mwanangu amefundishika," akasema. "Na yule bwana aliyemnyonga, kuna mtu amekwenda kumfundisha?"

Nilitafsiri. Padri akainama akaokota kofia yake, akaivaa, akashika njia ya Songea jua likiwa la utosi. Kule bomani alikokuwa anakwenda wangezungumza Kijerumani, hawakuhitaji mkalimani. Nikamfuata hata hivyo.